Kocha amefukuzwa, wenzake wameandika barua: je, mwanangu aweke sahihi?

Swali la msomaji: Mimi ni mama kutoka Uvira, sasa niko Marekani mwaka wa kumi na moja. Mwanangu wa pili anacheza futiboli ya Marekani katika chuo kikuu. Yuko mwaka wa pili, upande wa ulinzi. Wiki iliyopita kocha mkuu alifukuzwa katikati ya msimu. Yule kocha msaidizi aliyemleta mwanangu pale alikuja nyumbani kwetu mara mbili. Alikaa kwenye kiti chetu, akala bugali na sombe, akaniambia atamwangalia kama mtoto wake. Sasa tunasikia naye anaweza kuondoka. Wachezaji wameandika barua wanayotaka kuiweka Instagram: huyo msaidizi apewe timu, la sivyo hawafanyi mazoezi. Mwanangu ananiuliza kama aweke sahihi. Ninaogopa wasimnyang'anye ufadhili wa masomo. Na je, ahame? Tena, ni vibaya mimi mwenyewe kumpigia simu huyo kocha?

Jibu: Mama, nianze na hilo la ufadhili, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Mwanao akiweka jina chini ya barua inayosema "tunampenda kocha huyu, tunaomba mumfikirie," hapotezi ufadhili wake. Tangu Agosti 2024 kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinavikataza vyuo vya daraja la kwanza kumpunguzia au kumkatia mchezaji ufadhili kwa sababu za kimichezo, kama vile kuumia, kushuka kiwango, au kocha mpya kutomtaka. Vyuo vikubwa vyenye pesa vilikwishajifunga hivyo tangu 2015.

Lakini barua uliyonieleza ina sentensi mbili, na ile ya pili inanitia wasiwasi. Kanuni hizo hizo zinaruhusu ufadhili ukatwe kwa mchezaji aliyejitoa kwenye timu kwa hiari yake. Sasa kijana aliyesusa mazoezi siku tatu, amejitoa au hajajitoa? Mwanasheria wa chuo atasema amejitoa. Wakili wako, kama utapata pesa za kumlipa, atasema hajajitoa. Sipendi mtoto wa mwaka wa pili awe katikati ya mabishano hayo kwa ajili ya kazi ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mwema namna gani.

Kwa hiyo mwambie hivi. Sentensi ya kwanza aiwekee sahihi kama anaiamini. Ya pili awaombe wenzake waifute. Wakikataa, asitie jina lake, na awaeleze uso kwa uso kwa nini. Nimefanya kazi miaka mingi ya kuwasimamia wanamichezo wa vyuo katika masomo yao, nimeyaona haya mara nyingi: timu humsamehe mwenzao aliyesimama chumbani akasema "hapa mimi siwezi." Yule aliyejifungia bwenini asipokee simu hawamsamehi upesi.

Uliza pia kama chuo chake ni cha serikali au cha binafsi. Cha serikali kinabanwa na katiba ya nchi kuhusu uhuru wa kusema, cha binafsi hakibanwi namna hiyo. Ila usiiegemee sana katiba. Oktoba 1969 wachezaji 14 Weusi wa Chuo Kikuu cha Wyoming, chuo cha serikali, walikwenda kwa kocha wao Lloyd Eaton wakiwa wamefunga vitambaa vyeusi mkononi. Walitaka kuzungumza naye kuhusu kuvivaa katika mchezo dhidi ya Brigham Young, chuo cha Wamormoni, kanisa ambalo wakati ule lilikuwa haliwapi Weusi ukuhani. Aliwafukuza timu wote 14. Walikwenda mahakamani wakashindwa. Chuo kiliwaomba radhi mwaka 2019, miaka 50 baadaye, wengine wao wakiwa wamekwisha kufa. Na walikuwa wamekwenda kuzungumza tu, Mama.

Leo kocha akifanya vile hamalizi mwaka. Kilichobadilika zaidi ni mlango wa kutokea. Zamani mchezaji aliyehama chuo alikaa msimu mzima bila kucheza, kwa hiyo kocha alimshika. Mwaka 2018 NCAA ilifungua lile linaloitwa lango la uhamisho, orodha ambayo mchezaji anaingiza jina lake na vyuo vingine vyote vinaliona. Mwaka 2021 akaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na tangu 2024 anahama mara nyingi apendavyo mradi masomo yake yako sawa. Juu ya hapo zikaja pesa. Tangu Julai 2021 anaweza kulipwa na makampuni kwa jina na sura yake, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kumlipa moja kwa moja kutoka fungu lenye kikomo cha dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa wanamichezo wote wa chuo. Mkurugenzi wa michezo anayesoma barua ya vijana 60 anajua hesabu hizo usiku na mchana. Anajua wote 60 wanaweza kuondoka. Kwa hiyo lile tishio la kususia halihitaji hata kuandikwa. Likiandikwa linampa mtu sababu ya kukasirika badala ya kusikiliza.

Sasa nizungumze juu ya kocha aliyekula sombe kwako, kwa sababu watu wa nje ya mchezo huu huwa hawaelewi kwa nini vijana wanalia kwa ajili ya msaidizi kuliko kwa ajili ya mkubwa.

Timu ya futiboli ya chuo ni zaidi ya vijana 100. Kocha mkuu ni kama mkuu wa shule: anahutubia, anaonekana kwenye televisheni, anawafuata wazazi wa wachezaji nyota. Mwanao hakai naye. Anakaa na kocha wa nafasi yake, vijana wanane au kumi katika chumba kidogo chenye kioo cha video, kila siku, kuanzia asubuhi wengine hawajaamka. Huyo ndiye anayejua kwamba kijana hakulala, kwamba nyumbani baba amepoteza kazi, kwamba goti linauma na anaficha. Kocha mkuu akifukuzwa katikati ya msimu, wasaidizi huambiwa wamalizie michezo iliyobaki. Wanaingia kazini kila siku wakijua kwamba mpya atakuja na watu wake. Jioni wanafundisha, usiku wanapiga simu za kutafuta kazi.

Na pesa haziko sawa. Texas A&M ilipomwachisha kocha wake mkuu, Jimbo Fisher, Novemba 2023, mkataba wake ulikidai chuo zaidi ya dola milioni 75 ili aende nyumbani. Msaidizi wa kawaida hana mkataba wa namna hiyo. Ana wa mwaka mmoja au miwili, ana nyumba ya mkopo, ana watoto wanaobadilisha shule kila mara. Mwanao na wenzake wanayaona hayo kwa macho. Wanawaona watoto wa kocha wakija uwanjani Alhamisi jioni. Usishangae wakitaka kupigana kwa ajili yake.

Je, sauti yao inafika? Inafika, lakini haifiki kila mahali, na kisa kilicho karibu zaidi na chenu ni cha Penn State mwaka 2025. Oktoba 12 chuo kilimfukuza James Franklin, kocha wa tangu 2014, baada ya kupoteza michezo mitatu mfululizo. Timu akakabidhiwa kwa muda Terry Smith, aliyekuwa anawafundisha mabeki wa pembeni, mwenyewe akiwa mchezaji wa zamani wa chuo hicho hicho. Alianza kwa kupoteza, lakini timu haikuvunjika. Novemba, baada ya kuwafunga Nebraska nyumbani, wachezaji wakatoka uwanjani wameinua mabango yanayoomba Terry Smith apewe kazi. Yalikuwa mabango tu mbele ya kamera. Hakuna aliyesema hatacheza.

Hakupewa. Chuo kilimchukua Matt Campbell kutoka Iowa State. Lakini Campbell alipounda benchi lake alimbakiza Terry Smith. Nataka ukitazame kisa hiki kwa makini, Mama, kwa sababu naamini hapo ndipo barua ya wanao inaweza kufika. Kocha mpya anaingia kwenye jengo hajui mtu. Ana vijana 100 wanaoweza kuondoka ndani ya majuma machache. Akiona kwamba kuna mtu mmoja ambaye wote wanamwamini, ana sababu kubwa ya kumweka karibu. Barua inayosema "apewe timu" inaomba kitu ambacho bodi na wafadhili wakubwa wanakiamua mezani kwao. Barua inayosema "yeyote mtakayemleta, tunaomba azungumze na kocha huyu kabla hajaamua" inaomba kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukitoa kwa simu moja.

Mara moja moja kile kikubwa nacho kinatoka. Novemba 2021 Brian Kelly, kocha mkuu wa chuo cha Notre Dame, aliondoka kwenda LSU, chuo cha jimbo la Louisiana. Wachezaji walizisoma habari kwenye simu usiku, na asubuhi yake saa moja akawaita mkutano wa kuagana uliokwisha ndani ya dakika chache tu. Vijana walikuwa wanamtaka Marcus Freeman, mratibu wa ulinzi aliyekuwa na msimu mmoja tu pale, na walilisema wazi. Siku chache baadaye alipewa, na video ya vijana wakimrukia chumbani ilizunguka nchi nzima. Januari 2025 aliifikisha timu mpaka fainali ya taifa, akafungwa na Ohio State 34 kwa 23. Lakini usimwambie mwanao kwamba sauti yao peke yake ndiyo iliyofanya hivyo. Freeman alikuwa tayari anavutia vijana wengi wa sekondari kuja pale, na chuo kiliogopa kuwapoteza.

Vijana watamtajia mwanao Missouri, nina hakika. Novemba 2015 wachezaji wa pale walitangaza kwamba hawatafanya shughuli yoyote ya timu mpaka rais wa mfumo wa vyuo hivyo, Tim Wolfe, ajiuzulu kwa namna alivyoyashughulikia malalamiko ya ubaguzi. Walitangaza Jumamosi. Jumatatu akajiuzulu. Ni kweli, na ni jambo kubwa katika historia ya mchezo huu. Lakini kulikuwa na mwanafunzi aliyekuwa anagoma kula, chuo kizima kilikuwa kimesimama, na kocha wao Gary Pinkel alisimama nao hadharani. Kukosa mchezo wa Jumamosi iliyofuata kungekigharimu chuo dola milioni moja. Wao walikuwa na kocha nyuma yao. Wenu hawana kocha, ndiyo shida yenyewe.

Kisa ambacho ningependa wakisome ni cha Grambling State, Louisiana, mwaka 2013, kwa sababu pale mambo mawili yalichanganyika kama yanavyochanganyika kwenu. Septemba chuo kilimfukuza Doug Williams, mtu ambaye kwa jamii ya Weusi wa Marekani ni zaidi ya kocha: ndiye kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, wa kwanza Mweusi kushinda Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa. Vijana walimpenda na waliudhika. Lakini walipogoma Oktoba, barua yao haikuwa ya mapenzi peke yake. Waliandika kuhusu ukungu kwenye vyumba vyao vya mazoezi, kuhusu hali mbaya ya vifaa, kuhusu safari za basi za saa nyingi kwenda Kansas City na Indianapolis kisha kuingia uwanjani na miguu imevimba. Hawakusafiri kwenda kucheza na Jackson State, na timu ikahesabiwa imepoteza. Walipata nini? Kocha wa muda aliyewekwa baada ya Williams aliondolewa, nchi nzima ikaona hali ya jengo lile, na fedha zilizokuwa zinakatwa na jimbo zikaanza kuzungumzwa kwa sauti. Doug Williams hakurudi. Desemba akaajiriwa mtu mwingine, Broderick Fobbs, naye mchezaji wa zamani wa pale, na mwaka 2016 timu hiyo ikawa bingwa wa ligi yao.

Unaona palipofika na palipokwama. Kuhusu ukungu ukutani hakuna mkurugenzi anayeweza kuwaambia vijana "hamjui mnachosema." Wao ndio waliokuwa wanauvuta puani kila asubuhi. Kuhusu nani awe kocha, mkurugenzi atasema ana mambo mengine ya kuangalia, na kweli anayo. Mchezaji anasikilizwa zaidi anapotoa ushahidi wa alichokiona.

Na kuna wakati ushahidi huo ni suala la uhai. Mei 29, 2018, katika Chuo Kikuu cha Maryland, kijana wa safu ya mbele Jordan McNair, miaka 19, alizidiwa na joto wakati wa mbio za mazoezi. Hakuingizwa kwenye maji ya baridi kama inavyotakiwa kwa mtu aliyepigwa na joto. Alifariki Juni 13. Baadaye wachezaji na watu wa ndani walianza kusimulia jinsi vijana walivyokuwa wanadhalilishwa katika mazoezi. Kocha wa mazoezi ya nguvu akaondoka Agosti. Kocha mkuu, DJ Durkin, akasimamishwa. Kisha Oktoba 30 bodi ikaamua arudi kazini. Baadhi ya wachezaji walitoka kwenye mkutano wake wa kwanza na timu. Ellis McKennie, ambaye alikuwa amecheza na Jordan tangu sekondari, aliandika mtandaoni kwa jina lake kwamba kila Jumamosi wanapiga magoti mbele ya kumbukumbu ya mwenzao, na bado kuna wakubwa wasio na ujasiri wa kumwajibisha mtu. Kesho yake, Oktoba 31, Durkin alifukuzwa.

Kwa hiyo, Mama, kama ndani ya barua hiyo kuna neno lolote kuhusu usalama, kama kuna kijana aliyelazimishwa kucheza na kichwa kinazunguka, au mtu anayewanyima maji kama adhabu, basi ushauri wangu wote wa hapo juu wa kwenda polepole uuweke kando. Hilo linasemwa leo, kwa daktari wa timu, kwa mkurugenzi, na wasiposikia kwa kila mtu.

Huko Chuo Kikuu cha Iowa walichelewa. Wachezaji walikuwa wamekatazwa kutumia Twitter, na ni Juni 2020 ndipo wachezaji wa zamani, wengine wakiwa tayari wanacheza ligi ya kulipwa, walipoanza kusimulia namna Weusi walivyotendewa katika programu ile. Kocha wa mazoezi ya nguvu aliondoka ndani ya majuma machache kwa makubaliano ya kulipwa. Kocha mkuu, Kirk Ferentz, alibaki na kuiondoa marufuku ya mtandao. Mwaka 2023 kesi ya wachezaji wa zamani ikamalizwa kwa zaidi ya dola milioni 4. Ninachokiona mimi pale ni kwamba waliosema walisema baada ya kuondoka. Walipokuwa ndani hakukuwa na mlango.

Kuna hatari nyingine katika barua, na hii wanao labda hawajaifikiria. Julai 2023, Northwestern ilipokumbwa na tuhuma za vijana kudhalilishana katika timu, ilitoka barua kwa jina la timu nzima ikimtetea kocha, Pat Fitzgerald. Siku chache baadaye alifukuzwa. Wachezaji wa zamani wakafungua kesi wakisema waliteswa. Mwaka 2025 chuo kilimaliza kesi yake na Fitzgerald, kikasema ushahidi haukuonyesha kwamba aliambiwa au aliruhusu mambo hayo. Mimi siingii katika nani alikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba neno "sisi sote" liliwabeba vijana ambao huenda hawakuona kitu, na wengine ambao huenda waliona. Mwanao asiandike "sote" kwa niaba ya chumba ambacho hajakilala.

Kwa upande mwingine, asikubali pia mkubwa amsemee. Juni 2020 kocha wa Florida State alisema amezungumza na kila mchezaji mmoja mmoja kuhusu kifo cha George Floyd. Nahodha wake, Marvin Wilson, alijibu hadharani kwamba si kweli. Kocha akaomba radhi mbele ya timu. Novemba 2025 kocha Lane Kiffin aliondoka chuo cha Ole Miss kwenda LSU wakati timu imeshinda michezo 11 kati ya 12, akaandika kwamba wachezaji walikuwa wameomba aachwe amalizie nao msimu. Baadhi ya waliokuwa chumbani walijitokeza mtandaoni kukanusha. Sentensi fupi, majina yao wenyewe, jambo walilolisikia kwa masikio yao. Hakuna aliyewaadhibu, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema wamedanganya.

Basi wakae chini waiandike upya. Watoe maneno kama "bora kuliko wote" na "bila yeye tumekwisha." Waweke mambo. Kwamba alikuwa anafungua chumba cha video saa kumi na moja asubuhi kwa wale wenye maabara mchana. Kwamba kijana fulani, bila kumtaja, alikuwa anafeli hesabu na kocha ndiye aliyemtafutia mtu wa kumfundisha. Kwamba tangu kocha mkuu aondoke hakuna hata mmoja katika chumba chao aliyekosa mazoezi. Kila mmoja aweke jina lake, asiyetaka asilazimishwe. Waipeleke kwanza mkononi kwa mkurugenzi wa michezo, waombe wawakilishi wao wanne au watano waonane naye, na wampe siku mbili tatu. Baada ya hapo, kama hajajibu, Instagram haitakuwa imekwenda popote. Kitu kikishawekwa pale hakirudi, na mkurugenzi aliyesomeshwa barua na waandishi wa habari kabla hajaiona mezani kwake huanza kujilinda.

Kuhusu kuhama: asihame wiki hii, na hahitaji. Kwa kanuni mpya, kocha mkuu akiondoka, wachezaji wa timu hiyo wanapewa siku 15 za kuingia kwenye lango la uhamisho, zinazoanza siku ya 5 baada ya kocha mpya kutangazwa. Zaidi ya hapo kuna dirisha la Januari kwa kila mtu. Kwa hiyo ana nafasi ya kumwona kocha mpya usoni, kumsikiliza, kumuuliza nani atamfundisha yeye hasa. Lakini mjue jambo hili, wengi linawapita: dirisha hilo la ziada linafunguliwa na kuondoka kwa kocha mkuu tu. Msaidizi akiondoka mwezi Februari, kocha mkuu akiwa yupo, hakuna dirisha. Kwa hiyo swali la msaidizi aliulize ndani ya zile siku 15, wala asisubiri ahadi ya "tutaona."

Na akiingiza jina kwenye lango, chuo chake cha sasa kinaweza kuukata ufadhili mwisho wa muhula. Kila mwaka kuna vijana wanaoingia humo na hakuna anayewapigia simu. Nimekaa nao mezani. Mmoja alikuwa anaichungulia simu kila dakika huku tunazungumza juu ya kozi zake, na ilikuwa haijalia kwa siku 9. Asiingie kwa hasira.

Kama analipwa na chuo au na kampuni, utoe ule mkataba kwenye droo usiku wa leo. Tafuta vipengele viwili: kinachozungumzia kauli zinazokiharibia chuo jina, na kinachosema arudishe pesa akiondoka kabla ya muda. Kama Kiingereza cha wanasheria kinakuchosha, vyuo vikuu vingi vyenye kitivo cha sheria vina kliniki ya msaada wa bure. Tafuta ya chuo kingine, usiende kwa mwanasheria wa chuo hicho hicho.

Uliniuliza pia kama ni vibaya kumpigia simu huyo kocha. Si vibaya, hakuna kanuni inayomkataza mzazi kumshukuru mtu. Mpigie jioni, mapema wiki hii, maana sasa hivi anapokea simu chache kuliko alizozoea. Mwambie asante kwa namna alivyomwangalia mtoto. Ila msizungumze habari ya yeye kupata kazi kwingine na mwanao kumfuata. Akishaajiriwa na chuo kingine, kumshawishi mchezaji ambaye jina lake haliko kwenye lango ni kosa kwake, na kesi hizo huanza na simu kama hiyo. Mkaribishe nyumbani tu, aje na watoto wake, umpikie sombe.